Sabuni kwenye Kabureta

Fundi yule wa mtaa wa Imbaba husalimia injini kwanza, watu baadaye, tena kwa matusi. Aliziba mdomo wa kabureta kwa kiganja chake cheusi, na teksi kuukuu ya Gawdat, iliyokuwa ikikohoa, ikatulia na kunguruma sawasawa.

"Inavuta hewa pembeni!" Akachokonoa chini ya kabureta kwa ukucha, akanusa. "Sabuni?"

"Si ndivyo tunavyoziba tangi la mafuta likivuja, fundi?"

"Tangi halichemki, punda wee! Ulitaka kuiogesha?"

"Basi kaza skrubu isizimike tu. Mama Karima anangoja nimpeleke kusafishwa figo."

"Kwa teksi hii? Ikuzimikie darajani, afie humo?" Akaivurumisha bisibisi ukutani, akachomoa funguo za gari lake mwenyewe, akamtupia Gawdat kifuani. "Potea! Na ukigusa kabureta yangu, nakuvunja vidole."