Tundu Kwenye Mipira ya Chupa

Enzi za Zaire tuliwachukua watoto tisa wenye ugonjwa wa sukari, tukakaa nao majuma mawili katika nyumba za misioni ya zamani, kusini ya Kalemie. Mimi na mwenzangu tulikuwa wauguzi. Tulisoma pamoja Kongolo, tukalala chumba kimoja, na nilipoolewa ni yeye aliyenisimamia. Yeye alishika ufunguo wa frigo ya mafuta ya taa iliyohifadhi insulini; mimi nilifundisha.

Niliwafundisha kuchemsha sindano za kioo, kujidunga pajani, na kupima mkojo kwa kuuchemsha na dawa ya rangi. Ukibaki wa buluu, sukari imetulia. Ukigeuka mwekundu kama tofali, imepanda.

Binti mmoja wa miaka kumi, mtoto wa wavuvi, alishika haraka kuliko wote. Siku ya tano mkojo wake ukawa mwekundu. Kesho yake vilevile.

"Umekula nini?" nikamuuliza mbele ya wenzake.

"Sikukula kitu, Mama. Ugali wangu na samaki, basi."

"Na miwa ile nyuma ya jiko?"

"Sikuigusa, Mama. Uliza hata wenzangu."

Sikuuliza. Nikamkataza kwenda kuoga ziwani na wengine. Mwenzangu alikuwa kando yangu, anamenya mihogo. "Watoto njo vile," akasema, "wanapenda vitamu." Wala hakuinua macho.

Siku ya saba mikojo ya watoto wanne ikawa myekundu, na binti yule akaanza kutapika, akihema kwa nguvu. Nikaomba ufunguo. Mwenzangu akasita, kisha akanipa. Chupa ambazo hatujazianza zilikuwa na tundu za sindano kwenye mipira iliyoziba midomo yake. Dawa ilivutwa, maji yakatiwa.

"Ni wewe?"

"Mama yangu anakufa kwa sukari kule Manono," akasema. "Hakuna dawa kule. Nilimutumia."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungekubali?"

Mpaka leo sijui. Nilichomwambia ni hiki: "Uliniacha nimwite mutoto mwongo, na wewe umekaa hapohapo."

Tulimkimbiza binti Kalemie kwa mashua ya injini, na wenzake wote nyuma yetu. Hospitali ilikuwa na chupa chache. Siku ya pili akafumbua macho. Nilikaa kitandani pake nikamweleza yote, nikamwomba msamaha.

"Nilikuambia, Mama," akasema, akageukia ukuta.

Ripoti niliiandika mwenyewe, na mwenzangu akafukuzwa kazi. Mama yake alifariki kabla ya mvua. Nilisikia kwa watu, sikuenda matangani. Nilimkasirikia mwenzangu miaka mingi, na hasira hiyo ilinifaa, kwa kuwa ilinipunguzia kujitazama mimi.

Binti alipona. Kila mwezi alikuja klinika na sindano yake safi, akanisalimu kwa heshima, kisha akapanga mstari wa muuguzi mwingine.