Foleni ya Barua za Matanga

Nilikuwa natunza seva ya barua pepe katika shule moja ya parokia pale Manika, na hasira zangu zilikuwa za karibu. Kila ulipotokea msiba, diski ilijaa. Watu wetu wakifiwa hutumiana picha zote za matanga, kuanzia jeneza hadi masufuria, na mtandao ukikatika zinarundikana kwenye foleni. Jumatatu moja nilichoka. Niliandika skripti fupi: kila asubuhi ipitie foleni, na barua yoyote yenye neno "matanga" kwenye kichwa iondolewe. Nilijisifu siku nzima.

Alhamisi akaja mama mmoja mjane, mwalimu wa darasa la kwanza. Binti yake alikuwa amepata nafasi katika chuo cha uuguzi Lubumbashi, na chuo kilitaka jibu kabla ya saa sita mchana siku hiyohiyo, la sivyo nafasi apewe mwingine.

"Tata," aliniita kwa heshima, "niliitumaka mardi. Banasema habajapata kitu."

Nilitafuta anwani ya chuo kwenye kumbukumbu za seva. Barua yake ilikuwa imeingia Jumanne, na kichwa chake kilisema: Matanga ya Mutshatsha.

"Mama, matanga inaingia wapi humu?" nilimuuliza kwa ukali, kana kwamba kosa lilikuwa lake.

"Mi sijue kuanzisha barua ya mupya. Bwana yangu njo alinionyeshaka. Nilianzaka na barua yake; sasa nafungula ya mwisho, nafinya répondre, pale pa kujibia, nabadirisha adresi, naandika."

Ilikuwa saa tano na nusu. Nilifungua skripti. Siku ile ya kuiandika, kwa woga wa majaribio, niliiamuru iziweke barua kando badala ya kuzifuta, nione kwanza kama inachagua sawasawa. Kisha nikasahau kubadilisha. Sijawahi kuufurahia uzembe wangu namna ile.

Barua yake ilikuwa bado ipo. Nilichapa amri ya kuionyesha nzima, mama akiwa amesimama nyuma yangu. Juu palikuwa na jibu lake kwa chuo, mistari mitatu. Chini yake, barua ya mwaka jana kwa dada yake wa Tenke. Chini yake nyingine, na nyingine tena. Nilishuka kurasa kwa kurasa: malaria, mahindi, kipaimara cha binti, miaka mizima imepandana. Mwisho kabisa palikuwa na mistari minne ya marehemu mumewe, aliyoandika kutoka Mutshatsha alikokwenda kumzika kaka yake. Alimalizia hivi: "Finya pa répondre, unijibu, nione kama umejua."

Miaka yote nilikuwa nahesabu barua za watu kwa uzito wake kwenye diski. Nilistaajabu, nikavua miwani.

"Tata," mama aliuliza polepole, "itaenda na maneno ya bwana yangu pale chini?"

"Ukitaka nitayakata."

Aliigusa ile mistari minne kwenye skrini.

"Hapana. Iende nayo. Ni mutoto wake."

Niliiachilia. Saa sita kasoro dakika kumi seva ya chuo ikajibu kwamba imeipokea yote.