Pointi za Baba Neema

Nyie chekeni tu, nimeshazoea. Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, na kadi yenyewe ninayo sandukuni hapa Nsemulwa.

Mume wangu, Baba Neema, aliendesha lori la mahindi kati ya Mpanda na Tabora. Kila akijaza mafuta, kadi yake ya kituo cha mafuta iliingia pointi za zawadi. Aliniahidi zikitosha atanipeleka kwenye ile hoteli ya watalii kule hifadhini, tunywe chai tukitazama viboko. Malaria ikamchukua zikiwa ndiyo kwanza zimetosha.

Kwetu vitu vya marehemu haviguswi mpaka tanga lianuliwe na wazee wamuage. Kabla ya hapo bado ni vyake. Shemeji yangu, mdogo wake, alinikumbusha. Lakini simu ya marehemu iliingia ujumbe kwamba pointi zinaisha muda wiki hiyo. Niamini, haikuwa tamaa. Nilimkumbuka mno. Nikabuki siku moja hotelini kwa pointi hizo, peke yangu.

Nilifika saa nane mchana. Mhudumu akaniambia mzee wangu ametangulia. Mzee gani? Akanipeleka barazani, kwenye meza yenye vikombe viwili, kimoja kimenyweka nusu.

“Amesema chai yako isitiwe sukari, mama,” akasema. “Na usimsubiri, anawahi kujaza mafuta.”

Nani kule angejua kuwa nimeacha sukari? Nikagusa kiti cha pili. Kilikuwa kivulini, lakini kilikuwa na joto la mtu aliyenyanyuka sasa hivi. Unadhani nilikimbia? Nilikaa, nikanywa chai yangu, nikalia, nikatazama viboko mpaka jua likashuka. Nilikuwa na furaha, sitawaficha.

Nikarudi, tukaanua tanga, nikajua yamekwisha. Lori liliuzwa. Lakini kila Jumatatu, siku yake ya safari, ile simu inaingia ujumbe: pointi zimeongezeka, mafuta yamejazwa Inyonga. Nikifungua sanduku, kadi ipo.

Nilizitumia zikiwa bado zake, naye anazitafuta upya, maana ahadi ilikuwa twende wawili. Juzi ujumbe umesema zimetosha chumba cha watu wawili, nijibu kama nabuki. Sijathubutu kujibu.

Wewe mwenye kadi ya marehemu, subiri tanga lianuliwe. Muda wa pointi ukiisha, acha uishe. Mimi sikuacha, na mume wangu mpaka leo hajapumzika.