Gunia la Makaa na Maji ya Bahati

Wariara hakuwa mtu wa kukaa kitako. Hata kanisani alisali karibu na mlango, mguu mmoja nje, maana maji ya kijiji cha Bahati yalikuwa mikononi mwake. Ndiye aliyesimamia mashine ya kikundi cha kina mama, inayosukuma maji ya kisima kupitia utando mwembamba wa kuzuia floridi, ile inayoharibu meno ya watoto. Bintiye Kimberly alishaharibika meno. Akicheka huziba mdomo. Lakini mdogo wake Sue, wa miaka miwili, bado alikuwa na nafasi.

Tangu mvua kubwa zianze, maji yalikuja na rangi ya chai hafifu, na uchafu huo ukawa unaganda kwenye utando kama utelezi. Fundi Khisa akashauri waweke mbele ya utando tangi la mkaa maalumu wa kunyonya uchafu kabla haujafika. Akauagiza Nairobi. Wiki mbili zikapita, na Wariara akimpigia simu kila asubuhi kabla hata ya chai.

Mjomba wake Jamleck, muuza makaa wa Elburgon, akamcheka. Mkaa ni mkaa, alisema, akamletea gunia zima. Wariara akautwanga, akauchekecha, akaujaza tangini na kufungua maji papo hapo.

Mshale wa presha ukapanda. Bomba la maji safi likatoa uzi mwembamba wa maji, kisha matone. Akayafunga maji haraka. Kwenye foleni ya wachota maji, mzee mmoja aliyeona maji meusi tangini akauliza kama siku hizi anauza wino.

Khisa alipofika alichovya kidole tangini, kikatoka cheusi.

"Mama Kimberly, huu ni wa kuchomea mahindi. Ule wa maji hupikwa tena kwa mvuke mkali, kila punje ikabaki vitundu vitupu. Huu wako umekuwa vumbi, na vumbi limeziba utando."

"Umekufa?"

"Sijui. Tuuoshe kwanza."

Waliuosha saa tatu nzima, Wariara akizunguka kibanda kama kuku anayetaka kutaga. Maji yakarudi, lakini nusu tu ya zamani.

Akatoka nje, akawaambia watu kosa ni lake, na kwamba mpaka mkaa wa Khisa ufike, wenye watoto wadogo watachota kwanza. Wengine walimtukana. Alishaanza kujaza madumu, macho hayatulii, yakipima maji yaliyobaki na kina mama waliobaki.