Kishikio cha Mkono wa Kushoto

Niliyoyaona Jumamosi ya tarehe 12 Juni 1993, kwenye njia ya kupanda kutoka Maji ya Chai kwenda nyumbani kwangu, niliyaona nikiwa mzima wa afya na jua halijazama. Nayasema haya mapema kwa sababu najua jinsi watu wanavyotusikiliza sisi wajane. Tukisema tumeona jambo, tunaambiwa ni majonzi. Mimi nilisoma ukubwani, nikafanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 1988 nikiwa tayari na binti wa shule ya msingi, na elimu ile ilinifunza kutenganisha nilichokiona na nilichokidhania. Hapa naandika nilichokiona. Ukitaka, amini, usipotaka, walau usinionee huruma.

Marehemu mume wangu, niliyemwita Baba Neema tangu binti yetu azaliwe, alikuwa fundi magari katika gereji moja huko Themi. Siku za kazi alilala mjini katika chumba cha kupanga, na mwisho wa wiki alipanda kwetu mlimani kwenye kahawa na migomba. Ilipofika ile miaka ya ruksa, bidhaa za nje zikajaa madukani, wenzake walinunua friji na suti. Yeye, mwaka 1991, alinunua televisheni na deki ya video, na mkanda mmoja wa hadithi ya vita vya angani. Alikuwa na mkanda mmoja tu, na aliutazama mpaka picha ikaanza kuchezacheza.

Ndani ya hadithi ile mlikuwa na nahodha wa chombo cha angani na mwanamke aliyelinda zamu pamoja naye. Kila mmoja alivaa kiunoni bastola ya mwanga. Bastola hizo zilikuwa pacha, na moja haikufyatuka ikiwa pacha yake iko mbali. Nakuuliza wewe mwanamke unayesoma: mumeo akizama katika hadithi ya namna hiyo, utalala usingizi?

Ikafika mahali hakuridhika na kutazama. Alisimamisha picha, akapima kioo cha televisheni kwa rula, akachora kwenye karatasi za mifuko ya saruji. Wenzake wa gereji walibishana naye kama skrubu za ubavuni zilikuwa tano au sita, kwa ukali wa watu wanaobishania mipaka ya shamba. Mwishoni mwa 1992 aliipeleka michoro kwa Fundi Shaibu, mzee wa Pangani aliyekuwa akiyeyusha pistoni chakavu na kusubu sufuria katika mitaa ya zamani ya mjini. Akaagiza bastola mbili za alumini, zisizofyatua chochote, ili awe nazo tu.

Lazima nieleze jinsi Fundi Shaibu alivyotengeneza vishikio. Alimpa mteja bonge la nta iliyopashwa moto kidogo, na yule ambaye kitu kitakuwa chake aliifumbata mpaka ikapoa. Nta ile ilizikwa katika kalibu ya mchanga, na alumini ikamiminwa mahali pake. Kwa hiyo alama za vidole zilibaki katika alumini, na kishikio kikawa cha mkono mmoja tu duniani.

Nilimwuliza Baba Neema bastola ya pili ni ya nani. Alijibu, bila kuinua kichwa, kwamba silaha zile hutengenezwa mbilimbili. Nikamwambia mkono wangu huu hapa, alete nta niifumbate.

"Imeshafumbatwa," akasema.

Sikuuliza tena. Nina fahari yangu. Lakini tulifunga ndoa kanisani tarehe 15 Desemba 1973, na katika miaka yote ile sikuwahi kugawana mwanamume na mtu. Tangu jioni hiyo kila nilipoteremka Themi nilinusa mito ya kitanda chake.

Alifariki Jumanne ya tarehe 9 Machi 1993, baada ya kuugua kidogo tu, kabla bastola hazijakamilika. Tulimzika migombani, kaburi la baba yake likiwa upande wa kulia, na upande wa kushoto ukoo ukaniachia nafasi yangu. Wanawake walipokuja kunipa pole sikuwatazama nyuso. Nilitazama mikono. Kila aliyenishika nilimpima vidole, nikijiuliza: ni wewe?

Mwezi Juni Fundi Shaibu alinitumia ujumbe kwamba kazi ya marehemu iko tayari. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda, moshi umemzunguka. Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia, akanipa pole, kisha akafunua gunia. Kwa kweli zilikuwa nzuri. Ziling'aa, zina skrubu sita ubavuni, zimechongwa kwa subira ambayo sijaiona hata kwenye vyombo vya altare kanisani. Kishikio cha kwanza kilikuwa na vidole vya Baba Neema. Niliweka mkono wangu ndani yake na machozi yakanitoka. Cha pili kilikuwa cha mkono wa kushoto, vidole vyembamba na virefu. Nikajaribu kukishika. Kila kidole changu kilipanda juu ya ukingo.

"Usihangaike, mama," akasema mzee. "Hicho si cha mkono wako."

Nikamwuliza yule mwanamke ni nani. Akaapa hakumwona, nta ile mume wangu aliileta ikiwa imeshafumbatwa, imefungwa katika jani la mgomba, na ilikuwa imelowa.

Nilizifunga bastola zote mbili katika kitenge, maana polisi hawana subira na mambo ya angani, nikapanda gari hadi Maji ya Chai na kuanza kupanda kwa miguu. Ukungu wa Juni ulikuwa umeshuka, lakini mvua haikunyesha siku ile. Penye daraja la miti la mto wetu aliketi msichana wa miaka kumi na minane hivi. Gauni lake lilikuwa la mtindo ambao sikuuona tangu mimi mwenyewe niwe msichana, na pindo lake lilichuruzika maji ya rangi ya chai. Yalichuruzika, niamini, na mbao chini yake zilikuwa kavu.

"Za safari, mwenzangu," akasema.

Nikamwambia kwetu msichana humwamkia mtu mzima.

"Mimi ni mkubwa wako," akajibu, bila ufidhuli wowote. "Umenibebea cha kushoto? Elirehema alisema utakipitia wewe."

Elirehema. Mimi, mke wa miaka yote ile, sikuwahi kulitamka jina la mume wangu hivyo tupu, kama mtu anayeita ndugu yake dukani. Damu ilinichemka, na hasira ikanizuia kuogopa. Nilipaswa kuogopa, sivyo? Mimi nilimtazama vidole.

"Marehemu alikuwa na mke mmoja," nikasema. "Cheti ninacho."

"Kaa nacho. Sikuja kudai cheti." Akatabasamu. "Ulijaribu kukishika, eh? Kikakukataa."

Nikakifungua kitenge. Akanyoosha mkono wa kushoto, akakishika kile kishikio, na vidole vikalala mahali pake kimoja kimoja, kama miguu inayoingia katika viatu vyake vya zamani. Sijui kama umewahi kuona wivu wako umepata umbo na kung'aa mbele yako. Nilichotaka wakati ule ni kimoja tu: atoke machoni pangu.

"Kichukue uende zako," nikamwambia. "Ni cha marehemu, na mimi mkewe ndiye ninayekupa."

"Asante," akasema. "Sasa nimepewa na mwenye nyumba."

Hakutoweka, kama wanavyotoweka katika hadithi. Alitangulia. Alipanda njia ileile ya kwetu, akakata kona penye kahawa yetu, akaingia migombani bila kuuliza njia. Nilipofika nikihema, nilimkuta Shangazi Ndeshi, shangazi yake marehemu, akikata majani ya ng'ombe kando ya kaburi. Hakuona mtu akipita ila mimi.

Nilimweleza yote. Aliposikia mkono wa kushoto, aliweka mundu chini, akakaa juu ya majani na kunisimulia.

Kumbe mwaka 1971, kabla sijajulikana katika ukoo ule, Elirehema alikuwa amechumbia msichana wa ng'ambo ya mto. Posa ilishapokelewa. Masika ya mwaka huo mto ulijaa, ukamchukua yule msichana akivuka, na mwili haukupatikana. Alitumia mkono wa kushoto. Ukoo uliamua nisiambiwe, ili niingie katika ndoa kwa moyo mweupe. Sasa nieleze wewe, kwa elimu yoyote uliyo nayo: msichana aliyekufa mwaka 1971 alifumbataje nta mwaka 1992?

"Ulimpa kwa mkono wako mwenyewe?" shangazi akauliza. "Na ukamtajia marehemu?"

Nikasema ndiyo. Nilijua kosa langu kabla hajalitaja, kwa kuwa hapa kwetu hata mtoto anajua. Vitu vya marehemu hugawiwa na shangazi wa ukoo, mbele ya watu, na mjane hukaa kimya. Mjane akitoa kwa mkono wake mwenyewe, anayepokea amekubaliwa naye kuwa mwenzake katika msiba ule, yaani mke mwenza.

"Hukumfukuza, mwanangu," akasema. "Umempokea."

Mwezi Novemba mwaka huohuo, upande wa kushoto wa kaburi, kwenye nafasi yangu, lilichipuka sale, mmea ule tunaopanda makaburini na mipakani. Hakuna aliyelipanda, niliwauliza wote, mmoja mmoja. Mmeru hang'oi sale penye kaburi, nami nilipolishika shina nikitaka kulivuta, shangazi alinishika kiwiko akasema pale tayari pana mwenyewe. Wazee wameshakaa na kuamua. Siku yangu ikifika nitalazwa safu ya chini, miguuni pao, nikiwa na cheti changu cha ndoa. Yeye ataendelea kuwa wa miaka kumi na minane, na mimi nazeeka mbele yao kila ninapopeleka maua.

Huenda unataka kuniuliza kama bado nina wivu. Nina wivu hadi leo, na sioni sababu ya kuuficha. Ila wewe uliyefiwa na mume, nisikilize. Akija mtu kudai kitu chake, awe mzuri au mbaya, awe mkavu au amelowa, mwambie angoje ukoo. Usimpe chochote kwa sababu tu unataka akuondokee. Mimi nilimpa ili aende zake, na ndiyo maana hajaenda.