Bomba la Mke wa Bibi

Jumatatu nilipanga foleni nyuma ya bibi mmoja kwenye ofisi ya maji, Tarime. Alikuja na mama kijana mwenye mtoto mgongoni. Alitaka bomba la nyumbani liandikwe jina la huyo kijana, ili yeye bibi akifa, ukoo usije ukamfukuza.

"Shikamoo bibi. Huyu ni nani wako?" karani aliuliza, macho kwenye kompyuta.

"Mke wangu."

Karani ni mgeni mkoani. Alitutazama sisi wa foleni, tukaitikia kwa kichwa. Kwa Wakurya, mwanamke asiye na mtoto wa kiume anaweza kutoa mahari akaoa mke wa kumzalia warithi. Zamani fomu ya karatasi ilipokea lolote uliloandika. Siku hizi mfumo unasoma kitambulisho.

"Bibi, mfumo unakataa. Unasema mume hawezi kuwa mwanamke."

"Mimi nilitoa ng'ombe. Huo mfumo wako ulitoa wangapi?"

"Basi nimwandike mpangaji?"

Bibi aligonga kaunta kwa fimbo. "Mke wangu apange kwake?"

Karani alishuka kwenye orodha ya aina za wateja polepole, akapita shule, akapita kanisa, akabonyeza "Taasisi nyingine". Mfumo ukakubali papo hapo na kumtambua mama kijana kuwa msimamizi mkuu. Fundi atakwenda Alhamisi.

Mimi mume wangu anakubalika na kila mfumo. Nina watoto watano na sufuria kubwa kama la shule, na bomba letu limeandikwa jina lake.