Kila Chenye Kutembea Kinakunywa

Mwaka wa 1977, nikiwa na miaka kumi na mmoja, mlima wa moto ulitapika, ukashuka ukala shamba ya baba yetu kule Kibati. Haukuacha hata shina moja la maharagwe. Masomo yangu yaliishia hapo, darasa la tatu, na tangu siku ile sijakaa kwenye benchi nyingine isipokuwa ya kanisa. Nakuambia haya mapema, mwanangu, ili usitafute sarufi humu. Tafuta akili. Hiyo niko nayo. Tena nilikuwa nayo nyingi kupita kiasi, ndiyo maana ilinipoteza mara mbili.

Baba alinipeleka kwa fundi wa chukudu, muzee mmoja tuliyemuita Buhoro, maana yake kwa Kinyarwanda ni polepole. Wewe wa leo unaiona chukudu barabarani unafikiri Mungu aliiumba siku ya sita pamoja na ng'ombe. Hapana. Ni ubao mnene, magurudumu mawili ya mti, usukani kama pembe, na mutu mwenye goti gumu juu yake. Chukudu za Muzee Buhoro zilibeba magunia ya viazi kutoka Kibumba hadi mjini, na zikishuka ungezisikia kabla ya kuziona: gorrr, gorrr, mti juu ya mawe, mama wanakimbiza watoto kando. Nilipofika miaka kumi na minane nilikuwa fundi kamili, na mlio ule niliupenda kama wengine wanavyopenda kwaya.

Nakumbuka siku moja, jua limeshawaka, Bizimana akapita mbele ya karakana yetu. Huyu Bizimana tulikuwa tumefundishwa pamoja, kisha akaondoka kujitegemea. Alikuwa juu ya chukudu ambayo magurudumu yake aliyazungushia mpira wa tairi ya gari iliyochakaa, akaupigilia misumari. Haikulia gorrr. Ilipita tu kama paka.

Niliangua kicheko mpaka patasi ikanianguka. "Oneni! Chukudu imevaa viatu! Bizimana, soksi utaivalisha lini?"

"Siku utakapouvalisha mdomo wako," akanijibu, wala hakugeuka.

Nilicheka juma zima. Nikawaambia wateja: mti ni mti, hivi ndivyo wazee wetu walivyofanya. (Wazee wenyewe walikuwa wameanza juzi tu, lakini mutu akijivuna, hesabu ya miaka humpotea.) Kabla mvua haijarudi, kwa Bizimana kulikuwa na mustari wa watu, na kwetu kuku walikuwa wanalala juu ya mbao zetu nzuri.

Muzee Buhoro hakunigombeza haraka. Jina lake unalijua. Aliniita barabarani, akanisimamisha.

"Chukudu inapeleka nini sokoni?"

"Viazi, muzee."

"Inapeleka kelele?"

"Hapana, muzee."

"Basi kwa nini wewe unauzisha kelele? Nenda kwa Bizimana. Umusalimie kwanza. Halafu umuombe akuonyeshe namna ya kupigilia mpira."

"Mimi? Kwa Bizimana?"

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Na wewe goti lako moja tayari ni bovu."

Nilienda. Bizimana alinionyesha kila kitu, ila kila musumari alinilazimisha kusema neno "viatu" kwa sauti. Tukapona.

Utasema basi nilijifunza. Hapana, mwanangu. Nilijifunza habari za mpira tu.

Miaka ikaenda. Niliteremka mjini, mtaa wa Birere, nikajifunza moteri, yaani injini, kwa macho na kwa makofi, sikuwa na karatasi ya shule. Lakini Mungu alinipa sikio. Nilikuwa naweka bisibisi juu ya moteri, mpini kwenye sikio langu, nafunga macho, halafu nasema: "Huyu anaumwa valvu." Na kweli ni valvu. Motari wote wa Birere, hao wanaobeba watu kwa pikipiki, wakaniita Papa Sikio. Mutu alikuwa anaweza kuniletea pikipiki kutoka Rutshuru, anaisukuma, ili tu niisikilize. Na kila mwanafunzi wangu nilimfundisha sheria moja: kila chenye kutembea kinakunywa. Mutu anakunywa, ng'ombe anakunywa, moteri inakunywa. Ukiona kitu kinatembea bila kunywa, hicho ni mzimu, ukimbie.

Hapo ndipo mke wangu akaleta mzimu nyumbani.

Mama Ushindi anauzisha sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Kila asubuhi anashuka ufukweni Kituku kwenye mitumbwi, anajaza mabeseni, anapeleka soko. Kila mara barabara ikifungwa, bei ya mafuta inapanda, na samaki hawangojei barabara ifunguliwe. Basi yeye na wenzake watano wa kikundi wakakaa, wakaamua, wakanunua pikipiki ya matairi matatu inayokwenda kwa umeme. Mimi, fundi wa mji mzima, sikuulizwa. Niliikuta tu uani kwetu, mtaa wa Mapendo, imechomekwa ukutani kama pasi ya nguo. Wameshaipa na jina: Kimya. Kwetu kimya ni kunyamaza, na ndugu zetu wa Lingala wakisema kimia ni amani. Siku ile mimi sikuwa na kimoja wala kingine.

"Hii imetoka kwa nani?" niliuliza.

"Kwa Wachina wapya," akasema.

"Wapya! Mama Ushindi, Wajapani wametengeneza moteri tangu baba yako hajaoa. Hawa wa umeme wamezaliwa jana, hata kitovu hakijakauka. Kipya kinyemi, ingawa kidonda."

"Papa Ushindi, nasikia hata hao wakubwa wako wa zamani sasa wanatengeneza ya umeme. Wanakimbia nyuma ya hao watoto, wameshika suruali mkononi."

Nilichukua bisibisi, nikaweka sikio. Nikamuambia aiwashe. Hakuna kitu. "Umeona? Imekufa." Nikainuka kwa furaha. Mama Ushindi akazungusha mkono kidogo tu, ile kitu ikaruka mbele, ikanikanyaga kidole cha mguu, ikasimama kwenye jiko la makala, yaani makaa. Majirani walicheka, lakini hao ni watu wa kucheka hata kwenye matanga.

Sasa sikiliza kosa langu, maana ndilo ninalotaka kukufundisha nalo. Kesho yake mke wangu alipokuwa kanisani, nilikwenda kuikagua kwa siri. Sikuwa na ubaya moyoni. Nilitafuta tundu ya kuwekea mafuta ya moteri. Mbele hakuna. Nyuma hakuna. Nikaihurumia! Nikajisemea, hawa watoto wamesahau tundu, na mke wangu ataunguza mali ya wenzake kwa ujinga wao. Nikafungua boksi lenye moteri, nikamimina lita moja, mafuta mazuri, ya kwangu mwenyewe, mapya kabisa. Nikafunga. Nikajisikia kama daktari.

Asubuhi ya Jumatatu nikasema nitamusindikiza Kituku, kumbe nilitaka kuona namna itakavyotembea vizuri kwa dawa yangu. Ilishuka salama. Tukapakia mabeseni sita ya sambaza, za kikundi chote, si zake peke yake. Tulipoanza kupanda kutoka ziwani, Kimya ikakohoa. Kitu kisicho na koo kikakohoa! Ikatetemeka mara mbili, ikasimama. Chini yake mafuta yangu mazuri yalikuwa yanatiririka juu ya mawe.

Mama Ushindi akayatazama mafuta. Akanitazama mimi. Akaanza kufunika mabeseni. Nilitamani apige kelele.

Sambaza, mwanangu, haina subira. Jua likipanda, nzi wanakuwa wateja wa kwanza. Nikakunja suruali, nikaanza kusukuma. Mimi, muzee mwenye garaji, nikasukuma kama siku za Kibumba, na goti langu bovu likanitambua. Motari wa kwanza akapunguza mwendo.

"Papa Sikio! Inasema nini?"

Wa pili akaita wenzake. Wakawa kama maandamano ya arusi, wananisindikiza na honi. "Papa Sikio, weka bisibisi! Huyu anaumwa valvu!" "Muacheni, muzee amerudi kwenye chukudu yake!"

Na kweli ikaja chukudu. Mutu mzima, mwenye mvi kama mimi, alikuwa anarudi na chukudu tupu kutoka kupeleka makala. Akasimama, akaangalia mabeseni, akaangalia jua.

"Mama, tupakie huku. Samaki wako watafika."

Tukahamisha mabeseni yote sita. Alipoondoka nilisikiliza, ni desturi yangu. Sikusikia gorrr. Nilisikia mpira ukipita juu ya mawe, polepole, kama paka. Chukudu imevaa viatu. Nikasimama katikati ya barabara nimeshika Kimya kwa pembe, na sauti ya Muzee Buhoro ikanijia kana kwamba yuko nyuma yangu: kwa nini unauzisha kelele?

Debe tupu haliachi kuvuma. Simba mwenda pole ndiye mla nyama. Methali hizi nimezisema miaka arobaini kwa wanafunzi wangu, na sikio langu lote hili halikuwahi kuzisikia.

Sambaza iliuzwa yote. Mimi niliendelea kusukuma mpaka kwa Solange, binti mwenye kutengeneza vitu vya umeme karibu na soko. Nilikuwa nampita kila siku bila salamu. Siku ile nilimusalimia kwanza.

Akafungua boksi. Akachovya kidole, akanusa. "Yesu wangu. Nani alimimina mafuta humu?"

Motari wote walikuwa wamesimama mlangoni. Mke wangu pia alikuwa amefika kutoka sokoni na beseni tupu kichwani. Ningeweza kusema ni Wachina. Wangeniamini, jina langu lilikuwa bado kubwa. Na kikundi kingeirudisha Kimya, na mama sita wangerudi kununua mafuta kwa bei ya barabara iliyofungwa.

"Ni mimi," nikasema. "Nilifikiri ina kiu."

Mama Ushindi akacheka mpaka beseni likaanguka, na hapo nikajua nitakula chakula cha jioni.

Solange aliosha ile moteri siku mbili. Alipomaliza aliniita. "Papa, umeme nimetengeneza. Lakini breki zimekwisha, na beringi za nyuma zimeliwa na haya mawe yetu. Hizo mimi sizijui." Nikaweka bisibisi, nikaweka sikio, akazungusha gurudumu. Beringi ya kushoto ilikuwa inalia kama mutoto. Umeme hauna dawa ya mawe ya volkano, mwanangu. Leo yeye yuko upande mmoja wa garaji, mimi upande mwingine, na pikipiki za umeme zinakuja kwetu wawili.

Basi shika hili. Kitu kipya kikipita mbele yako, kipe mzigo kwanza, ndipo ukicheke. Kikishindwa, utacheka vizuri zaidi. Kikibeba, utakuwa umeokoa meno yako. Mutu aliyejua ya jana asidhani amejua na ya kesho. Na wewe uliyezaliwa na umeme mkononi, usimdharau mwenye bisibisi, kwa sababu breki utazihitaji siku moja, tena kwenye mteremko. Ukikosea, sema "ni mimi" upesi, kabla mafuta hayajafika chini. Na usimimine dawa mahali ambapo hakuna aliyekuambia anaumwa.

Mimi leo niko na nyumba ya mbao na mabati Mapendo, vyumba vinne. Garaji Birere, milango miwili. Pikipiki mbili za mafuta, bado nazipenda. Chukudu moja niliyoichonga mwenyewe, imevaa viatu. Bisibisi moja, sikio moja zuri na lingine la kusaidia. Goti moja. Kimya si yangu, ni ya Mama Ushindi na wenzake. Mimi naruhusiwa kuiosha.

Mungu akupe mzigo unaoweza kuubeba, akupe mteremko pale mgongo unapochoka, na siku utakapoisukuma aibu yako barabarani, akuletee mutu mwenye chukudu tupu.